Bei ya Ngumbao

Uwanja wa Muyeye, jua limelegea.
Daftarini nimeandika kwa penseli:
Fondo, kasi anayo, pumzi hana.
Lali, mguu mtamu, mdomo mchungu.
Ngumbao, miaka kumi na sita.
Basi. Penseli ikakwama hapo.

Mambrui wanamtaka.
Watatupa kipa wa miaka ishirini na tisa,
goti lake hutabiri mvua,
na nyavu mbili za nyongeza.

Nyavu!
Mwaka ule Watamu waliponichukua mimi,
klabu ilipewa nyavu na mpira mmoja.
Mpira ulipasuka Ijumaa ya pili.
Nyavu, Mama Kadzo alizungushia kuku wake.

Ngumbao huyo anakuja, jasho hadi kisiginoni:
“Kocha, Jumamosi namba yangu ngapi?”

Natafuta kifutio.