Bituro, Wewe ni Misri

Jumanne, saa kumi na mbili jioni, chumba namba nne, Nyegezi.
Dakta Rwegoshora anagawa nchi
kama mtu anayegawa karanga:
Kabula, shika Uganda. Masatu, Sudan.
Wewe uliyechelewa, kaa pale, wewe ni Ethiopia.
Kisha macho yake yakanijia mimi,
karani wa bili, mama wa watatu,
mwenye deni la ada ya muhula uliopita:
Bituro, wewe ni Misri.

Darasa likacheka. Mimi, Misri!
Mzaliwa wa Ukerewe, niliyeogeshwa ziwani
kabla sijapewa jina,
ninayeliona ziwa hili kila ninapoanika nguo,
limejilaza chini ya mtaa
kama ng'ombe wa jirani:
unamwona ananenepa, maziwa huyajui.

Nikaenda na kabrasha nyumbani.
Makubaliano ya mwaka ishirini na tisa
ni barua mbili tu, za watu wawili wenye adabu.
Nina heshima kukuarifu.
Nina heshima kukujibu.
Na katikati ya heshima hizo
ziwa zima limefungwa kama robota la mitumba:
asiliguse mtu, Misri isiporidhia.
Mwaka huo bibi yangu alikuwa binti, akichota maji Nansio.
Hakuna aliyemwuliza.
Alichota tu.

Nikaapa kuicheza Misri vibaya.
Itasemea puani, itajikwaa, itashindwa.

Lakini Jumatano maji hayakutoka. Alhamisi nayo ikapita.
Kwetu Bugarika, juu kabisa, bomba linapoishia,
maji hupanda mlima kwa hisani.
Huanzia kwa Mama Ng'walu mwenye pampu,
yakapita kwa fyatua-tofali,
yakapita kwa kijana anayeosha pikipiki,
kufika kwangu ni kikohozi,
upepo, kutu,
kimya.
Saa nane za usiku nimechutama, ndoo chini,
mkono juu ya koki
kama nesi anayetafuta mapigo ya mgonjwa.
Hapo ndipo nilipoielewa Misri.
Sikuipenda. Nasema niliielewa.
Wa mwisho kwenye bomba halali,
na hatupi karatasi,
hata ya dhuluma, mradi ina muhuri.

Mimi pia ninayo, ndani ya kopo la sukari:
barua ya mwenyekiti wa mtaa
kwamba Mama Ng'walu asiwashe pampu usiku.
Muhuri umefifia. Pampu haijafifia.

Jumanne ikaja. Nikasimama,
na sikusemea puani.
Nikasema: Waheshimiwa, kwetu mvua ni habari ya kusoma.
Ninyi mna mawingu, sisi tuna barua.
Mkitaka tuichane, mtuonyeshe kwanza ndoo.
Ethiopia akaacha kuandika.
Dakta akavua miwani, akaifuta, akasahau kuivaa.
Ndipo Kabula, kwa sauti ya Uganda iliyochoka:
Mheshimiwa, na waliokuwa wakichota siku ile,
sahihi zao ziko ukurasa gani?

Nikapekua. Kurasa sitini na tatu.
Bibi hayumo.

Nilipewa A yenye mkia wa kutoa.

Usiku nikapanda mawe kwa tochi ya simu,
pampu inanguruma nyuma ya ukuta.
Nikagonga geti. Maneno yakanitoka yenyewe:
Nina heshima kukuarifu…
Mama Ng'walu akafungua, kanga begani,
ndoo mkononi, tupu.
Inavuta upepo tu, akasema, tangu juzi.
Na ninaiacha iwake, nikiizima nitakata tamaa.

Tukakaa kwenye ngazi yake.
Chini taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa nyingi
kuliko nyumba zetu.
Nikamsimulia mwaka ishirini na tisa,
Kairo, London, heshima zote zile.
Alisikiliza, akijikuna kifundo cha mguu.
Barua mbili tu? akauliza.
Mbili.
Akanyanyuka, akaizima pampu.
Leta kalamu.