Kukama Mnyoo, Millport

Machi, maji ya bamvua, saa kumi na mbili kasoro.
Bahari ya Millport imejivuta mbali, imeacha mawe uchi.
Effie Dunsmuir ananipa glavu, moja ina tundu.
"Usiinue jiwe usiloweza kulirudisha," asema,
nami nainua.

Chini yake, fundo la uzi wa hudhurungi,
kama kaseti iliyotapika utepe wake.
Hana jino, hana mwiba, hana gamba.
Ana mlenda tu.

Tulimpima kwa futi: mita nne.
Akajinyoosha, mita saba. Tukabishana, mita tano.
Effie akakunja futi.
"Andika: mrefu."

Maabara inanuka chuma kilicholowa.
Namsugua ubavu kwa kijiti cha pamba,
namkama kama mbuzi mgeni, kwa woga na kwa kubembeleza,
tone baada ya tone, mpaka kikombe kinanata.
Bibi angecheka: elimu yote ile,
nimekuja Uskochi kuchuja bamia.

Ndani ya ute huo, mashine inasema, kuna ushanga:
punje thelathini na moja, vifundo vitatu,
uzi mmoja umepenyezwa katikati ya wenzake
kama siri ya ndugu.

Nikamdunga kaa. Mdogo, wa kijani,
alikuwa bado ameniinulia gando.

Kwenye mishipa ya fahamu mna vijilango vya chumvi.
Vinafunguka, vinajifunga,
na katika kule kujifunga ndipo kiumbe anapotulia.
Sumu hii haivunji mlango.
Inauzuia usifunge, basi.

Chumvi ikamiminika. Miguu minane ikatetema
kama vidole mezani vya mtu anayesubiri simu.
Kisha gando likabaki juu, wazi.
Dakika nne na sekunde kumi na mbili, nikaandika.
Mwandiko wangu ulikuwa mzuri.
Hilo ndilo lililoniudhi.

Jioni tukamrudisha chini ya jiwe lake.
Akajimimina gizani bila haraka,
mita saba, au nne.
Effie akanusa vidole vyake, akasema
sisi binadamu milango yetu ina bawaba nyingine,
tusiogope.

Usiku, chumbani juu ya duka la baiskeli,
nikausikia mlango wa chini ukipigwa na upepo.
Niliteremka mara tatu.
Mara ya tatu nikaukuta umefungwa.
Nikausukuma hata hivyo.