Deni la Keram

Nilishindwa keram na mjukuu wangu Ghaniya.
Nyekundu iliingia shimoni kwake kama mgeni aliyealikwa,
na deni lilikuwa hili: albamu nne,
kila moja mwanzo hadi mwisho,
bila kuruka, bila kupunguza sauti,
bila astaghfirullah kabla ya wimbo wa tatu.
"Babu," kasema, "masikio yako yana kufuli,
na ufunguo umeuacha Unguja."

Mimi ni mtu wa udi na fidla.
Nataka ubeti uje umevaa, umejifukiza,
ukae kitako, useme lake kwa mafumbo,
uondoke bila kubamiza mlango.

Mahfudha akasema: ndani ya nyumba yangu, hapana.
Basi nikalilipa garini,
Krida ya mwaka tisini na nne,
imeegeshwa nje ya geti, Mabela,
mwezi wa saba, saa tano usiku, lami bado ina homa,
kiyoyozi kinakoroma, na waya wa simu ya mtoto
umeishia kwenye kaseti ya uongo, isiyo na utepe.

Ya kwanza ilikuwa ya vyuma.
Vijana wa nchi za theluji wanapiga magitaa
kama mafundi wanaobomoa bafu la jirani.
Mwimbaji anang'olewa gego, hana ganzi.
Kunjumon wa nyumba ya pili akatoka na shuka kiunoni,
akagonga kioo: "Bwana Sleyum, alamu imeharibika?"
Nikamwambia, hapana, nalipa deni.
Wimbo wa saba, mpiga ngoma akanyamaza ghafla,
wote wakanyamaza, pumzi moja,
nikajikuta kidole changu juu ya usukani
kinangoja nao.

Ya pili sikuipenda.
Sina zaidi.

Ya tatu ilikuwa sauti moja.
Moja, dakika arobaini na nne, kama friji ya msibani.
Nikasinzia. Nilipozinduka ilikuwepo,
ila si pale nilipoiacha: imesogea,
kama kivuli cha tangi la maji juu ya dari
kinavyosogea na hukukiona kikienda.
Nikawakumbuka wale transfoma wa Ghubra,
miaka ishirini na sita ya zamu za usiku.
Nilikuwa nikiwajua kwa mvumo,
yupi mzima, yupi anaugua,
kabla mshale wa saa ya umeme haujatikisika.
Sisemi ule ulikuwa muziki.
Nasema masikio haya yalikuwa na kazi
kabla mtoto hajayafungia kufuli.

Ya nne Ghaniya alikaa nami, akinifasiria
maneno yanayomwagwa kama kokoto kutoka lorini:
huyu anamlilia babake, huyu anajisifia viatu.
"Washairi wetu pia," nikamwambia,
"ukiwachuja, nusu ni viatu."

Deni likaisha. Nikachomoa ile ya uongo,
nikatia yangu: harusi ya Ruwi, themanini na tatu,
nakala ya nakala, jalada limeshikwa kwa mpira.
Miaka arobaini naijua,
udi unapopanda, mwimbaji anapomeza mate.
Kumbe nyuma pale pana feni inayolia.
Pana mtoto mwenye kikohozi. Kijiko kinaanguka.
Na kabla ya kibwagizo cha pili, msichana anafoka:
"Zimeni feni hiyo, inamla mwimbaji sauti!"

Nikarudisha nyuma.
Nikarudisha tena.

Nikamwita Mahfudha. Akaja na kanga kichwani,
akakaa kiti cha mbele, mlango wazi,
joto likaingia naye kama shoga yake.
Nikampigia pale. Nikamtazama uso.
Hakushtuka.
"Najisikia miaka yote," kasema.
"Wewe ulikuwa ukisikiliza wimbo."

Akavuta mlango, akarekebisha kiti nyuma kidogo.
"Ile ya friji," akasema,
"bado unayo?"