Mkono wa Ngilisho

Miaka tisa nimemwona akiketi vilevile:
kiti cha plastiki, chai ya tangawizi,
na kiganja cha kushoto juu ya amplifaya
kama mtu anayempima mtoto homa.
Nilidhani ni mapenzi. Nisifiche,
nilidhani analipenda lile bati kuliko mimi.

Juzi kaenda Same kumzika shangazi.
Nikasema, leo nami nitasikiliza santuri yangu ya kwaya
bila mtu wa kuniambia punguza.
Nikawasha.
Mmmmmmmmm.
Mashine ya kusaga imehamia sebuleni,
inakoboa hewa.
Waimbaji walikuwamo, ila ndani ya gunia.

Mimi si fundi. Nauza mitumba Kiboriloni.
Mtu wa mitumba hajui umeme
lakini anajua kutafuta doa:
unaigeuza nguo, unaifuata mshono kwa mshono,
huamini rangi.
Nikachomoa gramafoni. Mmmmm.
Nikachomoa kebo ya runinga. Mmmmm.
Nikazima friji, nikazima ile taa ndefu ya jikoni
inayopepesa kama jicho la mlevi,
nikabaki gizani na amplifaya tupu,
haina wa kumsemea, na bado inasema.
Basi doa haliko kwenye mikono, nikajiambia.
Liko tumboni.

Nikampigia Kandidi, fundi wa Pasua.
"Elfu arobaini, mama. Kapasita zimezeeka, zimevimba."
Hajaiona, hajaifungua.
Nikamwambia hata mimi nimezeeka na nimevimba,
mbona sivumi?
Nikakata simu.

Ilikuwa bahati tu. Nilitaka kuisogeza nifute vumbi,
kiganja kikatua juu ya bati,
vidole vikaniwasha kidogo, kama upupu wa mbali,
na mvumo ukanywea
kama maziwa yaliyotaka kufurika, ukayanyunyizia maji.
Nikaondoa mkono: ukapanda.
Nikaweka.
Nikaondoa.
Nikaweka, nikakaa chini.

Kumbe hakuwa akiipapasa.
Alikuwa waya.
Miaka tisa mume wangu amekuwa njia
ya kelele kushukia ardhini,
wala hakusema. Labda hakujua.
Labda alijua, akaona kukaa ni rahisi kuliko kutafuta.

Kulipokucha nikaufuata waya wa kijani
unaotoka ukutani, nyuma ya tangi la maji,
hadi kwenye migomba.
Ukaishia hapo.
Umekatwa kwa mshazari, ncha imeota kutu ya kijani,
na fimbo ya shaba bado imesimama udongoni
kama mwenyeji aliyeambiwa wageni wako njiani.
Hatua moja kando yake, mshare nilioupanda mwenyewe
mwaka aliozaliwa Ndeshi.
Nalijua jembe langu.
Nalijua linavyokata.

Nikazima swichi kuu. Dukani kwa Mangesho nikachukua
waya mita nne na kibano kimoja.
Nikaikwangua shaba mpaka ikacheka,
nikakaza kwa bisibisi na kwa meno,
kisha, kwa kuwa ni kiangazi na udongo umekuwa majivu,
nikaimwagia ile fimbo ndoo nzima
kama mche.
Jirani akauliza nimepanda nini.
Nikasema, chuma.

Nikawasha.
Nikadhani umeme umekatika.
Kisha nikasikia, kabla ya ubeti wa kwanza,
mwimbaji wa sauti ya pili
akivuta pumzi.

Jumapili karudi na vumbi la Same begani.
Kaketi. Kaweka chai. Kaweka mkono.
Nikaendelea kukunja mashati.
Akauinua kufuata kikombe,
uso umeshajikunja kuingoja kelele,
na kelele haikuja.
Akaurudisha.
Akauinua tena, polepole.
Akanitazama.

"Sukari imetosha?" nikamuuliza.