Chenji ya Mia Tatu

Jumapili, saa moja na nusu jioni, Isevya.
Nimeosha sufuria ambayo sikuipikia.
Nimekunja shati, nimelikunjua, nimelikunja tena.
Redio ya jirani inatangaza vifo vya watu nisiowajua
na mimi nasikiliza hadi jina la mwisho,
labda kwa adabu.

Mwezi wa nne huu tangu ofisi ya maji inihamishie Tabora.
Nyumba za mtaa nazijua kwa namba za mita.
Ile yenye geti la bluu ni nne-sifuri-saba-moja,
inavuja chini ya karo, hawataki kusikia.
Mbwa wananijua. Wenye mbwa, hapana.

Nikatoka.
Chumvi ninayo, sabuni ninayo,
lakini mtu wa miaka hamsini na mbili
hawezi kutoka nyumbani bila sababu,
kwa hiyo nikajiambia: kiberiti.

Pale palipokuwa na banda la kuchomelea mageti
pamefunguliwa duka. Rangi haijakauka,
kijani chake kinashika viganja vya wanaoegemea.
Juu wameandika, kwa mkono uliochoka njiani,
MAHITAJI MUHIMU YA NYUMB
na A ya mwisho, iliyokosa nafasi,
imeteremshwa chini peke yake
kama mtoto aliyeshushwa begani.

Ndani taa moja, nyeupe, isiyoficha kitu.
Mchele wa Nzega, gunia limekunjwa mdomo.
Michembe. Nsansa zilizokauka hadi kuwa nyepesi kama karatasi.
Asali kwenye chupa zilizowahi kuwa na pombe kali.
Mishumaa, vocha, dawa ya mende,
vyote vimepangwa vikitazama mlango
kama darasa linalomsubiri mkaguzi.

"Mwadila," akasema mwenye duka.
Nikajibu "Asante," na papo hapo nikajua nimekosea.
Hakucheka. Alisogeza mizani tu,
ingawa haikuhitaji kusogezwa.

Juu ya kreti la soda, binti yake na daftari la hesabu.
"Tisa mara saba?" akaiuliza hewa.
"Sitini na tatu," nikasema.
Akanitazama. Akachukua kikokotoo cha mama yake,
akabonyeza, akasubiri.
"Kweli," akasema, kama aliyetarajia kunikamata.

Kiberiti, basi.
Halafu, kwa kuwa miguu ilikuwa haijataka kuondoka,
karanga, kopo moja.
Halafu mayai mawili. Mdomo ulisema wenyewe, kwa mazoea.
Nyumbani sahani ni moja tangu Februari ya mwaka juzi.
Ningeweza kusema la, moja linatosha.
Lakini alikuwa ameshayafunga kwenye gazeti,
kila yai na ukurasa wake.

Elfu moja mia saba. Nikatoa elfu mbili.
Akavuta droo, akaisukuma, akaivuta tena
kana kwamba sarafu zingeingia kwa nyuma.
"Chenji sina, baba, nimefungua juzi tu.
Nikuandike nakudaiwa. Jina?"

Jina.
Mtaa mzima wananiita Maji.
Maji huyo, fungeni mbwa.
Nikasema "Nandonde," na sauti ikatoka na kutu,
kwanza hewa, kisha matone,
kama bomba siku mgawo unaporudi.

Akaandika MANDONDE, akapiga mstari chini, 300.
Daftari jipya, ukurasa wa kwanza, mtu wa kwanza.
Sikumsahihisha.
"Na mimi Kalunde," akasema, akiwa ameshageukia mteja mwingine.

Njiani umeme ukakatika, mtaa ukazama wote
kasoro pale nyuma yangu, mshumaa, na sauti ya mtoto:
tisa mara nane.
Nilisimama gizani nikaitafuta.
Sabini na mbili. Sikurudi kumwambia.

Yai moja lilikuwa na ufa. Nimeanza na hilo.
Lile jingine liko dirishani, kwenye kikombe.

Mia tatu yangu iko salama, sina haraka nayo.
Kesho nitapita kuchukua chumvi
na nitahakikisha ninayo
noti kubwa.