Fungu la Baba

Somoe aliniita jikoni
si kwa jina, kwa kikohozi,
namna anavyoniita mwenye deni akiwa uani.
Kiganjani mwake firigisi imepasuliwa,
na ndani ya utelezi wake
punje tatu nyeusi, zimelika
kama pipi iliyonyonywa ikatemwa.

Nilizitambua.

Kalibu yangu ina pengo pembeni,
kila punje hutoka na kimkia, kama kiluwiluwi.
Hapa Rutamba hakuna kalibu nyingine yenye pengo.
Mbili zilikuwa zimesagika hadi hazina sura.
Ya tatu mkia wake ulikuwepo.

Betri za malori nazipasua kwa shoka,
sahani zake nazitia kwenye sufuria iliyokatika masikio,
moto wa maganda ya korosho. Huiva upesi kuliko ugali.
Kubwa ni chubwi, za nyavu na mishipi.
Ndogo ni marisau, ya gobori la Mchopa,
ananunua kwa kizibo cha soda:
kizibo kimoja, mia tano.

Mchopa akipiga, bata wawili huanguka.
Punje zilizokosa nani alizihesabu?
Mlio ukiisha tunadhani risasi imeisha.

Kumbe inashuka.
Inapita maji, inapita mizizi ya magugu,
inalala topeni, haiozi, haina haraka.

Bata hana meno. Kapewa kinu tumboni,
na mawe ya kinu hujitafutia mwenyewe,
anachambua changarawe kama mwanamke achambuavyo mchele.
Na changarawe gani ya ziwa hili
ni duara kuliko yangu?

Huyu aliyepasuliwa ni wa mwaka huu.
Mlio hakuusikia.
Alizaliwa baada ya mlio.

Tuliwaona tangu mpunga ulipokuwa kijani.
Walisimama kwenye majaruba, mabawa yameshushwa
kama paa la kibanda kilichohamwa,
shingo zimepinda mpini wa mwavuli,
kinyesi rangi ya kisamvu.
Watoto wakawaokota kwa mikono.
Riziki, tukasema. Riziki isiyokimbia!
Lakini kila tuliyemnyonyoa, kifua chake kilikuwa upanga,
na koo limejaa chakula hadi juu:
anakufa njaa, mdomo umeshiba.

Furukombe naye alimpata mmoja.
Siku tatu akakaa kwenye kisiki, chini,
yeye ambaye kisiki hakukijua,
kunguru wakimvuta mkia.
Ya nne hakuwepo, nami sikuuliza.

Bwana wa mifugo aliwahi kuniambia: risasi ni sumu.
Nilicheka. Ndiyo, mzee, kazi yake si kuua?
Lugha yetu imebana matumizi,
iliyo mbioni na iliyo tumboni
imezipa jina moja,
nami kwa miaka kumi na minne
nimesikia moja tu.

Shaweji ndiye anayenivukutia moto.
Ana miaka tisa. Mwalimu ameandika kwenye daftari:
herufi alizozijua mwaka jana zimemtoka.
Jana usiku aliniletea maji.
Kikombe kilimponyoka. Nikafoka,
nikaona kiganja kinaning'inia,
kifundo cha mkono kimekataa kukiinua.
Somoe aliutazama mkono ule.
Kisha akatazama ukuta, muda mrefu.

Leo ametazama bawa.

Hakusema neno. Ameosha mikono mara mbili,
akaifuta sahani, akaniwekea firigisi mbele,
kwa sababu firigisi ni fungu la baba,
na pembeni yake punje tatu,
kama mtu anayerudisha chenji.

Uani mvukuto unapumua. Fuu. Fuu.
Nimeita, "Shaweji, toka kwenye moshi."
Sauti yangu imetoka ndogo, sijui kama amesikia.
Mlangoni Mchopa anapiga hodi,
kizibo kinalia mfukoni pamoja na sarafu.
Hodi ya pili.
Ya tatu.

Sijaitikia.