Pua Husikia

Jumanne, kipindi cha pili, badala ya hesabu,
tulipelekwa ukumbini, shule yetu ya Thunder Bay,
theluji ikiyeyuka kwenye viatu.
Muuguzi Aune Lehtonen akatandika mkeka,
akamlaza mwanasesere wa mpira asiye na miguu.
"Huyu ana miaka kumi na sita," akasema.
Tukacheka. Tavish alicheka mpaka akakohoa.

Hakutukemea.
Hakusema mkigusa mtakufa;
hayo tuliyasikia tangu darasa la nne,
na kaka yake Oriel aliyasikia pia.
Aliuliza tu: anayekoroma na anayezama
mtawatofautishaje?
Kisha akakoroma mwenyewe, mkoromo wa majimaji,
kama sinki linapomeza maji ya mwisho.
"Huo si usingizi. Msimfunike blanketi mkaenda zenu."

Tukajifunza kusugua mfupa wa kifua kwa ngumi,
kutazama midomo: samawati, au rangi ya jivu,
na mboni iliyosinyaa kama punje ya ulezi.
Piga simu. Sema ni mlango upi.
Puliza naloxoni tundu moja la pua,
kisha mpe pumzi yako, moja kila sekunde tano.
Akikaa kimya dakika mbili tatu, puliza nyingine.
Akipumua, mlaze ubavu. Usiondoke:
dawa huchoka kabla ya sumu.

"Na asiyetaka kuacha?"
Oriel hakuinua mkono alipouliza.
Muuguzi akachuchumaa mbele yake.
"Asitumie peke yake. Asifunge mlango kwa komeo.
Maiti haachi kitu, mwanangu.
Aliye hai huenda akaacha kesho,
au keshokutwa, au mwaka wa tatu."

Februari. Choo cha uwanja wa magongo ya barafu.
Hakuwa kijana, hakuwa yule tuliyemdhania:
ni Bwana Kivela, dereva wa mashine ya kulainisha barafu,
mgongo mbovu, kidonge alichopewa na rafiki,
kidonge kilichofanana na vile vya daktari.
Sinki lile lile kooni mwake.

Kuna methali: sikio la kufa halisikii dawa.
Sawa. Sikio.
Nikapuliza puani.
Tavish, yule mcheka, akapiga magoti penye mkojo,
akampulizia mzee mzima pumzi yenye harufu ya chipsi,
akihesabu kwa vidole: nne, tano, tena.
Tukapuliza ya pili.

Alipozinduka alitutukana, matusi ya kwao na ya kwetu,
akatapikia glovu zangu.
Hatukukasirika. Tulikuwa tukilia kama wajinga.

Hajatushukuru bado. Anatupita bila kutazama.
Lakini barafu ya Jumamosi, ya timu yetu,
siku hizi anailainisha mara mbili.

Oriel alikuja kuniomba pakiti moja.
Sikumuuliza ya nani.
Nilimpa mbili.